Faini Huenda Serikalini, Kidonda Hubaki Nyumbani



Mtu yeyote aliyewahi kusimama mbele ya ubao wa matangazo wa mahakama, au aliyezoea kurasa za habari za mahakamani katika gazeti kama hili, anajua namna kesi ya jinai inavyoandikwa. Huandikwa "Jamhuri dhidi ya Fulani". Fulani ni mshitakiwa. Jamhuri ni sisi sote, serikali yetu na bendera yetu. Sasa tafuta hapo jina la mama aliyevunjiwa duka, au la kijana aliyekatwa panga akirudi kazini, au la mtoto ambaye baba yake aliuawa kwa ajili ya pikipiki. Hulioni. Ukifungua jalada utamkuta ndani, ameandikwa shahidi wa kwanza wa upande wa mashitaka. Ataitwa, ataapishwa, atasema aliyoyaona, atahojiwa na wakili wa utetezi mpaka ajione kama mshitakiwa ni yeye, kisha ataambiwa ahsante, shuka. Mshitakiwa akitiwa hatiani atatozwa faini au atafungwa. Faini huingia katika mfuko wa Serikali. Kifungo nacho hugharimiwa na Serikali. Shahidi wa kwanza hupanda daladala akarudi kwake.

Wiki hii nataka tuzungumze juu ya huyo shahidi wa kwanza, na juu ya watu wachache ambao kwa nyakati mbalimbali walimwona akiondoka peke yake wakaamua kumfuata mpaka nyumbani. Vyama vya kuwasaidia watu waliodhurika kwa uhalifu, pamoja na jamaa zao, vipo leo katika nchi nyingi, na vingi huishi kwa michango ya watu kama mimi na wewe. Kabla mtu hajatoa shilingi yake, ni haki yake kujua vilitoka wapi na vinaziba pengo gani.

Pengo lenyewe lina historia, kwa sababu kuna wakati halikuwapo.

Katika jumba la makumbusho la Louvre, mjini Paris, kuna jiwe jeusi linalozidi kimo cha mtu, mita 2 na robo. Limechorwa sheria za Hammurabi, mfalme wa Babeli aliyetawala karibu miaka 3,800 iliyopita. Watu wengi wamesikia habari za Hammurabi kwa lile neno la jicho kwa jicho. Wachache wamesikia habari za kifungu cha 23 na cha 24. Humo imeandikwa kwamba mnyang'anyi asipokamatwa, aliyenyang'anywa atataja mbele ya mungu vitu vyake vilivyopotea, na mji pamoja na mtawala wa eneo hilo watamlipa. Na kama aliyepotea ni uhai wa mtu, mji na mtawala watawapa jamaa zake mina 1 ya fedha, yaani kama nusu kilo. Maana yake ni kwamba mji ulioshindwa kumlinda mtu ulikuwa na deni kwake. Sijui ni mkuu gani wa mji wetu leo angekubali kuwekewa kifungu hicho.

Waingereza nao, ambao baadaye walituletea sheria zao, walianza hivyo hivyo. Sheria za kale kabisa zilizoandikwa kwa Kiingereza ni za Mfalme Aethelberht wa Kent, mnamo mwaka 600. Karibu zote ni orodha ya malipo. Kumng'oa mtu jino la mbele, shilingi 6. Kumkata kidole gumba, shilingi 20. Fedha hizo zilimwendea aliyeumizwa, au jamaa zake kama amekufa.

Huku kwetu hatukuhitaji kufundishwa na Kent. Jomo Kenyatta, katika kitabu chake cha mwaka 1938 juu ya Wakikuyu, anaeleza kwamba ukoo wa muuaji ulilipa ukoo wa marehemu kondoo au mbuzi 100, au ng'ombe 10, kama aliyeuawa ni mwanamume; na akiwa mwanamke, mbuzi 30 au ng'ombe 3. Katika sheria ya Kiislamu, inayojulikana sana pwani yetu, kuna dia, ambayo asili yake huhesabiwa kuwa ngamia 100, na jamaa wa marehemu ndio wenye haki ya kuidai, kuipokea au kuisamehe. Makabila mengi ya bara yalikuwa na hesabu zao.

Nisieleweke kwamba natamani tuzirudie hesabu hizo. Mmesikia wenyewe mwanamke alivyothaminiwa chini ya theluthi ya mwanamume. Mtu mwenye mifugo mingi aliweza kuua na kulipa na kuendelea na shughuli zake. Mtumwa alilipwa bwana wake. Yote hayo ni kweli. Lakini jambo moja lilikuwa wazi kwa wote: aliyedhurika ndiye mwenye kesi.

Kesi hiyo ilichukuliwa pole pole. Kule Uingereza wafalme walianza kudai sehemu yao kwa maelezo kwamba mtu akipigwa njiani, amani iliyovunjwa ni ya mfalme. Baada ya Wanormani kuiteka nchi mwaka 1066, sehemu ya mfalme ilizidi kukua, na kadiri miaka ilivyopita ikameza yote. Uhalifu ukawa ni ugomvi baina ya mhalifu na mfalme. Faida ilikuwapo, tusiifiche: visasi vya koo kwa koo vilipungua, na maskini asiye na ndugu wa kumtetea akapata mshitaki mwenye nguvu. Hasara nayo ilikuwapo. Yule aliyepoteza gumba hakupata tena shilingi zake 20.

Sheria hiyo ndiyo iliyopanda meli ikaja kwetu. Kanuni ya Adhabu ya Tanganyika ilitungwa mwaka 1930, na ya Kenya mwaka huo huo. Kesi zikaandikwa "Rex dhidi ya Fulani", na Rex kwa Kilatini ni mfalme. Tanganyika ilipokuwa jamhuri tarehe 9 Desemba 1962, neno mfalme lilikwisha ondoka na Jamhuri ikakaa mahali pake. Jina lilibadilika. Nafasi ya shahidi wa kwanza haikubadilika.

Sasa, kama kuna mahali mtu anaumia, aghalabu watu wenye huruma hujitokeza. Cha kushangaza ni kwamba katika mambo ya uhalifu huruma ilimfikia kwanza mfungwa. Mwingereza John Howard alizunguka magereza na kutoa kitabu chake juu ya hali ya magereza mwaka 1777. Bibi Elizabeth Fry aliingia gereza la Newgate, London, mwaka 1813, akakuta wanawake na watoto wamerundikwa pamoja, na akatumia sehemu kubwa ya maisha yake kuwatetea. Walifanya kazi njema, na mtu asitumie maneno yangu kuwabeza wanaosaidia wafungwa hata leo. Lakini tangu Howard hadi mtu alipofikiria kuunda chama cha kumtembelea aliyeibiwa, ilipita karibu miaka 200.

Na waliofikiria, hili napenda lisikike vizuri, walitoka miongoni mwa hao hao waliokuwa wakihangaikia wafungwa.

Wa kwanza wa kutajwa ni Margery Fry. Alizaliwa mwaka 1874, akawa miongoni mwa wanawake wa kwanza kuteuliwa kuwa mahakimu Uingereza mwaka 1921, na kwa miaka mingi alipigania magereza yawe bora na adhabu ya kunyonga ifutwe. Mwaka 1957, akiwa bibi wa miaka 83, aliandika makala katika gazeti la Observer la London kudai haki ya walioumizwa. Alitoa mfano mmoja. Mtu mmoja alipigwa na vijana wawili akawa kipofu. Mahakama iliamuru alipwe pauni 11,500. Kwa kuwa vijana wale hawakuwa na kitu, kila mmoja aliagizwa kutoa shilingi 5 kwa wiki. Bibi Fry akapiga hesabu, nanyi mnaweza kuipiga, maana wazee wetu waliitumia shilingi hiyo: pauni moja ni shilingi 20, pauni 11,500 ni shilingi 230,000, na kwa shilingi 10 kila wiki deni litakwisha baada ya miaka 442.

Miaka mia nne arobaini na miwili. Kipofu yule alitakiwa aishi muda huo ili apokee senti ya mwisho.

Margery Fry alifariki mwaka uliofuata, 1958, kabla ya kuona matunda. New Zealand ilitunga sheria ya Serikali kuwalipa waliojeruhiwa na wahalifu mwaka 1963. Uingereza ikafuata mwaka 1964, na jimbo la California huko Marekani mwaka 1965. Hoja yake ilikuwa rahisi: mhalifu hana fedha, au hakukamatwa, basi jamii yote ishiriki kubeba, kama inavyobeba ajali za kazini.

Ingedhaniwa mambo yalikwisha hapo. Hayakwisha. Fedha za Serikali zililipa majeraha ya mwili, tena makubwa, na zilipita katika fomu na kamati. Mwizi akivunja mlango akachukua redio na pete ya ndoa, hakuna jeraha la kuonyesha daktari. Lakini mama mwenye nyumba halali. Kila paka akiruka juu ya bati anashtuka. Watoto wamekataa kulala chumba chao. Hana fomu ya kujaza kwa ajili ya hayo.

Hapo ndipo tunapofika Bristol, mji wa bandari magharibi ya Uingereza. Mwanzoni mwa miaka ya 1970, kikundi cha watu waliokuwa wakifanya kazi ya kuwasaidia wafungwa waliotoka gerezani walianza kuulizana juu ya wale waliofanyiwa uhalifu. Waliketi na polisi, wakachunguza, na mwaka 1974 wakaanzisha mpango wa kwanza wa kuwasaidia. Mpango wenyewe haukuwa na makuu. Kulikuwa na mratibu mmoja. Polisi walimpa majina na anwani za watu walioripoti kuibiwa au kushambuliwa. Mratibu aliyagawa kwa watu wa kujitolea, raia wa kawaida waliopewa mafunzo mafupi, nao wakaenda kubisha hodi, mapema iwezekanavyo baada ya tukio.

Walifanya nini wakifika? Walikaa. Walisikiliza. Walisaidia kumpata fundi wa kitasa. Walisaidia kujaza fomu za bima. Walieleza kesi itaendaje, kwa kuwa polisi hawana muda wa kueleza. Wengine walikunywa chai tu na kuondoka, kwa sababu mwenye nyumba hakutaka zaidi ya mtu wa kumwambia kwamba hakufanya kosa lolote. Waligundua upesi kwamba wizi wa nyumbani, ambao kituoni ulihesabiwa kuwa jambo dogo, uliwatikisa watu kuliko walivyodhani.

Hili la kuambiwa "hukukosea" si dogo, ndugu wasikilizaji. Katika msiba wa kawaida sisi tuna utaratibu mzuri kuliko watu wa Bristol. Mtu akifa kwa maradhi, majirani hukusanyika, jamvi hutandikwa, sufuria huinjikwa, daftari la rambirambi hupita mkono kwa mkono. Lakini mtu akiuawa na majambazi, pamoja na rambirambi huja minong'ono. Alikuwa anafanya nini pale saa ile? Labda alidhulumiana na watu. Msichana akibakwa, hata daftari halipiti. Huulizwa alivaa nini. Familia iliyoumizwa na mhalifu huumizwa mara ya pili na mtaa wake. Mgeni aliyebisha hodi kule Bristol alikuja kwanza kuliondoa hilo.

Miji mingine iliiga, na mwaka 1979 mipango hiyo ikaungana kuwa chama cha taifa, kinachojulikana leo kama Victim Support. Katika miaka ya 1980 Serikali ya Uingereza ilianza kukipa ruzuku. Baadaye wakaweka watu mahakamani pia, wa kuketi na mashahidi wanaongoja kuitwa. Wenzangu tuliowahi kuripoti mahakamani tunajua maana yake, kwa sababu katika korido za mahakama zetu mama anayekuja kutoa ushahidi huweza kujikuta ameketi benchi moja na kaka wa mshitakiwa.

Ujerumani mambo yaliletwa na mtu wa kazi yetu. Eduard Zimmermann alikuwa mwandishi wa habari wa televisheni. Tangu mwaka 1967 aliendesha kipindi maarufu kilichowaomba watazamaji wasaidie polisi kutatua kesi zilizoshindikana. Watu walipiga simu, wahalifu walikamatwa. Lakini mtangazaji anayewaingilia watu majumbani mwao na kamera huona mambo ambayo hayaingii katika kipindi. Mwaka 1976, katika mji wa Mainz, yeye na wenzake 16 waliunda chama kiitwacho Weisser Ring, maana yake Pete Nyeupe. Kina matawi yapatayo 400 nchi nzima, na wanaoyaendesha ni watu wa kujitolea.

Kinachonivutia katika chama hicho ni mfuko wake. Hakiishi kwa fedha za Serikali. Kinaishi kwa ada za wanachama, michango, mali wanazoachiwa na marehemu katika wosia, na njia moja ya nne ambayo ingefaa wanasheria wetu waiangalie. Ujerumani hakimu au mwendesha mashitaka anaweza, katika makosa fulani, kumwamuru mkosaji alipe fedha kwa chama cha hisani badala ya hazina ya Serikali. Sehemu ya fedha hizo huwafikia Pete Nyeupe. Wamarekani nao mwaka 1984 walianzisha mfuko wa taifa wa waliodhuriwa na uhalifu, na wakaamua usijazwe na kodi za wananchi, bali na faini wanazotozwa waliotiwa hatiani katika mahakama za shirikisho. Shilingi ya Aethelberht, baada ya miaka zaidi ya 1,300, ikaanza kurudi mahali ilikotoka. Mwaka uliofuata, tarehe 29 Novemba 1985, Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa lilipitisha Azimio la haki za watu walioathiriwa na uhalifu, na nchi zetu zilikuwamo ukumbini.

Turudi nyumbani. Si kweli kwamba sisi hatukufanya kitu. Mwaka 1987 wanawake waandishi wa habari wa Tanzania waliunda chama chao, TAMWA, na mwaka uliofuata wakaanza kutoa jarida la Sauti ya Siti. Waandishi hao, kama yule Mjerumani, waliona kwamba kuandika habari za mwanamke aliyepigwa na kisha kumwacha pale pale ni kazi nusu. Mapema katika miaka ya 1990 wakawa na kituo ambako mwanamke aliweza kufika akasikilizwa na kupewa ushauri wa sheria bila malipo. Walipiga kelele pia juu ya sheria zenyewe, na mwaka 1998 Bunge lilipitisha sheria ya makosa ya kujamiiana, ambayo pamoja na vifungo virefu iliweka jambo jingine ambalo halizungumzwi sana: anayetiwa hatiani kwa ubakaji aamriwe pia kumlipa fidia aliyemtendea.

Aidha, hakimu wetu anao uwezo wa kuamuru fidia katika makosa mengine, kwa mujibu wa Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai ya mwaka 1985. Lakini aliyefungwa miaka 30 atailipa kwa nini? Hapa tunarudi kwenye hesabu ya Bibi Fry. Amri ya fidia juu ya mtu asiye na kitu ni karatasi.

Mwaka huo huo wa 1998 tulipata funzo kubwa kuliko yote, na tulilipata pamoja na jirani zetu. Ijumaa ya tarehe 7 Agosti, muda mfupi baada ya saa 4 na nusu asubuhi, mabomu yalilipuka katika balozi za Marekani Nairobi na Dar es Salaam. Hapa Dar es Salaam walikufa watu 11, na hakuna Mmarekani hata mmoja miongoni mwao. Nairobi walikufa 213, Wamarekani wakiwa 12. Waliojeruhiwa Nairobi ni zaidi ya 4,000, na wengi wao waliumia macho, kwa sababu kabla ya mlipuko mkubwa kulisikika mlio mwingine, wakakimbilia madirishani kuchungulia, na vioo vikawakuta pale. Makarani, wanafunzi wa uhazili, abiria wa mabasi waliokuwa wakipita.

Damu ilichangwa, blanketi zilichangwa, fedha zilikuja kutoka pande zote za dunia. Watu wa Nairobi walijipanga foleni hospitalini kutoa damu kabla hawajaombwa. Hilo tuliweza. Lakini kipofu wa Agosti alikuwa bado kipofu mwezi wa Agosti wa mwaka uliofuata, na wa mwaka 2008, na wa mwaka 2018. Alihitaji kufundishwa upya kutembea na fimbo, kusoma kwa vidole, kufanya kazi nyingine. Mtoto aliyeachwa na miaka 3 alihitaji karo mpaka kidato cha sita. Walionusurika wakaunda vyama vyao na kuendelea kudai kwa zaidi ya miaka 20. Mwaka 2020 Sudan ilikubali kulipa dola milioni 335 kwa ajili ya mashambulizi, yale ya balozi zetu yakiwamo. Zilipoanza kugawiwa, walioingia katika hesabu walikuwa raia wa Marekani na waliokuwa wafanyakazi wa ubalozi. Mkenya aliyekuwa akipita njia, ambaye ndiye aliyekuwa mwingi katika orodha ya waliokufa, hakuhesabiwa. Kwake yeye hakukuwa na "Jamhuri dhidi ya" yoyote.

Kenya baadaye ilitamka jambo hili katika Katiba yake ya mwaka 2010, kwamba Bunge litunge sheria ya kuwalinda waliotendewa uhalifu, na mwaka 2014 sheria hiyo ikapita, pamoja na mfuko maalumu. Ni hatua ya heshima. Kutunga mfuko na kuujaza ni mambo mawili, lakini angalau wa kwao una jina.

Rwanda wao walianza hata bila kungoja sheria. Mwezi Januari 1995, miezi michache tu baada ya mauaji ya kimbari, wajane 50 waliunda chama cha AVEGA. Wenyewe walikuwa wamepoteza waume, watoto na nyumba. Walianza kwa kutembeleana. Hawakuwa wamesikia habari za Bristol, nadhani, na njia yao ikawa ile ile.

Na Kanda ya Ziwa ya nchi yetu, pale watu wenye ualbino walipoanza kuwindwa na kuuawa kwa ushirikina, msaada mmoja ulitoka mbali. Peter Ash, raia wa Kanada mwenye ualbino yeye mwenyewe, aliunda shirika la Under the Same Sun mwaka 2008, likafungua ofisi Tanzania, na likalipia shule mamia ya watoto ambao nyumbani kwao hapakuwa salama tena. Tulishukuru. Lakini nikiri kwamba huwa naona haya kidogo ninapokumbuka kwamba karo ya mtoto wa Geita ilikusanywa Vancouver wakati sisi tulikuwa tunachanga kamati ya harusi shilingi laki mbili kila kichwa.

Sasa msomaji ataniuliza: nitoe wapi, na nitoe nini? Kwanza, tusitoe kama tunavyotoa rambirambi, mara moja na kwisha. Wiki ya kwanza nyumba imejaa watu. Shida huanza mwezi wa nne, kesi inapoahirishwa. Mahakama ikiahirisha mara sita, ni nauli mara sita kwenda na kurudi, na vibarua sita vilivyokosekana, na ndiyo sababu mashahidi wengi hukata tamaa na kesi hufutwa. Chama kinacholipa nauli ya shahidi kinafanya kazi ya haki kuliko mabango mengi. Chama kinachompeleka aliyebakwa kituoni kuchukua PF3 na kumfikisha hospitali usiku ule ule, badala ya kumwacha azunguke peke yake mpaka ushahidi uoshwe, kinafanya kazi ambayo hakimu hawezi kuirekebisha baadaye. Shilingi 5,000 kila mwezi kutoka kwa watu 100 ina maana kubwa kwa ofisi ya namna hiyo kuliko hundi moja ya milioni iliyokabidhiwa mbele ya kamera, kwa sababu mshauri analipwa mshahara kila mwezi, hawezi kulipwa kwa tukio.

Pili, tuulize. Chama kimesajiliwa? Kinatoa hesabu? Fedha ngapi zinaishia semina hotelini na ngapi zinamfikia mjane? Je, jina na picha ya aliyeumizwa vinatumika kuombea fedha? Nimewahi kuona kijitabu cha kuchangisha kikiwa na sura ya binti wazi kabisa, na maelezo ya yaliyompata yameandikwa chini yake. Chama kinachofanya hivyo kisipewe hata senti. Wanachama wa Pete Nyeupe na wageni wa Bristol walijengewa nidhamu moja tangu mwanzo, kwamba yaliyosemwa sebuleni hubaki sebuleni.

Wasio na fedha wanaweza kutoa muda. Kila kituo kikubwa cha polisi siku hizi kina Dawati la Jinsia na Watoto, na mabaraza ya kata yanajua familia zilizokumbwa. Mwalimu mstaafu anayejua kuandika barua rasmi, muuguzi mstaafu, shehe, mchungaji, fundi wa makufuli: hao ndio waliojenga mpango wa mwaka 1974, hawakuwa wataalamu kutoka ng'ambo.

Na kwa wabunge wetu, kama kuna anayesoma ukurasa huu kwenye kahawa yake, hoja iko mezani kwa mifano ya nchi mbili: sehemu ya faini za mahakama iwekwe katika mfuko wa waliodhurika. Haihitaji kodi mpya. Fedha zinakusanywa kila siku ya kazi, kwa risiti, na waliotoa ushahidi uliowezesha zikusanywe wanaziona zikihesabiwa dirishani wanapopita kwenda kituo cha daladala.

Wiki ijayo, Mungu akipenda, tutaendelea na upande wa pili wa korido ile, yaani mashahidi watoto na namna wanavyohojiwa. Mnaofahamu chama kinachofanya kazi hii mtaani kwenu, tuandikieni kwa anwani ya gazeti, mkitaja kilianza lini na kinaendeshwa na nani.